Kuchagua mpira wa gofu unaoifaa swingi yako: anzia shimoni, malizia kwenye tii

Fungua mfuko wako wa gofu, mwaga mipira yote sakafuni, kisha hesabu ni ya aina ngapi. Siku nilipofanya hivyo nilikuta mipira kumi na saba ya aina kumi na moja. Michache niliinunua, mitatu ilikuwa zawadi za mashindano, iliyobaki niliiokota vichakani nikitafuta wangu uliopotea. Wakati huo nilikuwa nalipia masomo ya swingi, yaani namna ya kuzungusha fimbo, na kila mpira uliopitiliza griini, zile nyasi fupi zinazolizunguka shimo, niliulaumu mkono wangu wa kushoto. Mkono ulikuwa na makosa yake, sikatai. Lakini pigo moja nilikuwa nalipiga kwa mipira kumi na mmoja yenye tabia tofauti, halafu nashangaa kwa nini matokeo hayafanani.

Kanuni zinakuruhusu kubeba fimbo zisizozidi 14, na kuna raundi unazimaliza bila kugusa nusu yake. Mpira unaupiga kila pigo, tangu tii ya kwanza, mahali pa kuanzia shimo, hadi shimo la 18. Ajabu ni kwamba mtu atapimwa na fundi kwa saa nzima kabla ya kununua dreva, fimbo ya mapigo marefu, lakini mpira anachukua ulio karibu na kaunta.

Ushauri utakaousikia kila mahali ni huu: swingi ya polepole, mpira laini, swingi ya kasi, mpira mgumu. Kuna ukweli ndani yake, ila ukiufuata peke yake utakupotezea mapigo palepale pasipostahili kupotea. Mimi nashauri uende kinyumenyume. Anza na mapigo mafupi karibu na shimo, rudi nyuma taratibu hadi kwenye tii, na dreva iwe ya mwisho kuulizwa.

Hatua ya kwanza: ujue kilichomo ndani

Mpira halali hauzidi gramu 45.93, na kipenyo chake hakipungui milimita 42.67. Vipimo hivyo vinasimamiwa na R&A pamoja na USGA, vyombo vinavyosimamia kanuni za gofu duniani, na vyombo hivyo viwili vimeweka pia kikomo cha kasi na umbali ambao mpira unaweza kufikia kwenye vipimo vyao. Kwa hiyo ukisoma kwenye boksi kwamba huu ndio mpira unaokwenda mbali kuliko yote, tabasamu tu uendelee kusoma. Makampuni makubwa yote yameshafika karibu na kikomo hicho. Pale mipira inapoachana sana ni kwenye mzunguko, yaani mpira unavyojizungusha kurudi nyuma ukiwa hewani, na hilo linaamuliwa zaidi na ganda.

Maganda ya siku hizi ni hasa ya aina mbili. Ganda la ayonoma, ambalo wengi wanalijua kwa jina la Surlyn, ni gumu, halichuniki ovyo, na huteleza kidogo usoni mwa fimbo. Ganda la yurethani ni laini zaidi, na mifereji iliyo usoni mwa weji, fimbo ya mapigo mafupi, hulikamata. Mpira wa yurethani una gharama kubwa zaidi kuutengeneza, ndiyo maana boksi lake huwa ghali.

Chini ya ganda kuna tabaka. Mpira wa vipande viwili una kiini kikubwa cha raba na ganda, basi. Mingine ina vipande vitatu au vinne, na TP5 ya TaylorMade ina vitano. Kazi ya tabaka la kati inaeleweka ukifikiria mapigo mawili. Unapopiga pigo fupi kwa weji, nguvu haifiki ndani; ganda laini linabanwa kati ya mifereji ya fimbo na tabaka gumu lililo chini yake, linakamatwa, na mpira unatoka ukizunguka kwa kasi. Unapopiga dreva, mpira mzima unabonyea hadi kwenye kiini, na kiini hicho kimetengenezwa kwa namna ya kupunguza mzunguko. Mpira mmoja, tabia mbili.

Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya mwaka 2000 mchezaji alichagua upande mmoja: ama mpira wa nyuzi za raba zilizoviringishwa wenye ganda laini la balata, uliotii weji lakini ukachanika kwa pigo moja baya, ama mpira mgumu wa kwenda mbali uliodunda kwenye griini kama jiwe kwenye saruji. Mei 2000 Tiger Woods aliuacha mpira wa nyuzi akahamia kwenye mpira wa Nike wenye kiini kigumu, na mwezi uliofuata akashinda US Open kule Pebble Beach kwa tofauti ya mapigo 15. Oktoba mwaka huohuo kampuni ya Titleist ikautoa mpira wa Pro V1, nao wa kiini kigumu, kwa wachezaji wa kulipwa, na baada ya muda mfupi mipira ya nyuzi ikawa ya kuonyeshana tu.

Kuhusu vishimo vya juu ya ganda: mipira mingi ina kati ya 300 na 400 hivi. Bila vishimo hivyo mpira ungeanguka nusu ya njia. Zaidi ya hapo usivihesabu, si kigezo cha kuchagulia.

Hatua ya pili: pima kasi yako bila kujidanganya

Ukipata mashine ya kupimia mapigo kwenye uwanja wa mazoezi, itumie. Usipoipata, piga mipira kumi kwa dreva siku tulivu, mahali tambarare. Toa miwili iliyokwenda mbali kuliko yote na miwili iliyoharibika kuliko yote, kisha angalia sita iliyobaki inatua wapi. Inapotua, si inaposimama. Mpira ulioviringika mita 30 kwenye nyasi kavu haukusaidii kujijua.

Kwa makadirio, mpira unaobebwa hewani mita 150 unatokana na kichwa cha fimbo kinachokwenda kama kilomita 120 kwa saa, yaani maili 75. Ukifika mita 185 hadi 190, uko karibu na maili 93, na hapo ndipo walipo wanaume wengi wanaocheza kwa burudani. Wachezaji wa PGA Tour, mashindano ya wanaume wa kulipwa ya Marekani, wako kwenye maili 115 hivi. Wanawake wa kulipwa wa LPGA, kwa wastani, wanazungusha kwa maili zinazokaribia 94, karibu sawa na yule jamaa anayecheza kwa burudani, lakini wao wanaubeba mpira kama mita 200 kwa sababu wanaupiga katikati ya uso wa fimbo. Kama kuna mita unazozitafuta, nyingi zimo humo kabla hazijawa kwenye mpira.

Utaambiwa pia kwamba swingi yako ni dhaifu mno kuweza kuubana mpira mgumu. Hilo liache. Mpira unakaa usoni mwa dreva kwa muda unaokaribia nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kila mchezaji, hata mtoto, anaubana ndani ya muda huo. Kinachotofautiana ni kiasi. Mwenye swingi ya kasi akitumia mpira laini sana anapoteza kasi ya kweli na mita za kweli. Mwenye swingi ya polepole, akibadilisha kutoka laini kwenda mgumu, tofauti ya umbali anayoipata ni ndogo kiasi cha kumezwa na upepo. Maana yake, mtu wa swingi ya polepole ndiye mwenye uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua. Ndiye pia anayebanwa zaidi na kanuni ya "chukua laini tu".

Ukiwa kwenye uwanja wa mazoezi, andika mambo mengine mawili: mpira wako unapaa juu au unakwenda chini chini, na unapinda kuelekea wapi.

Hatua ya tatu: jaribio la taulo

Hapa usiwe na haraka. Nunua paketi ndogo za aina tatu. Moja iwe ya vipande viwili yenye ganda la ayonoma, kama Callaway Supersoft, Wilson Duo Soft au Titleist TruFeel. Ya pili iwe ya yurethani iliyo laini kidogo, kama Srixon Q-Star Tour, TaylorMade Tour Response au Bridgestone Tour B RX. Ya tatu iwe ya daraja la wachezaji wa kulipwa: Pro V1, Pro V1x, TP5, Z-Star, yoyote kati ya hizo. Mipira iwe mipya yote. Ukilinganisha mpya na uliokwaruzwa, unapima mikwaruzo.

Nenda kwenye griini ya mazoezi asubuhi umande ukishakauka. Simama mita 15 kutoka ukingoni. Tandika taulo dogo hatua tatu ndani ya griini, hilo ndilo shabaha ya kutua. Piga kwa weji unayoitumia siku zote, mipira mitano ya kila aina, ukiichanganya ili mkono usizoee. Futa uso wa fimbo kila baada ya pigo. Nyasi na unyevu vikiingia kwenye mifereji, yurethani na ayonoma vinaanza kufanana. Hesabu tu mipira iliyotua kwenye taulo au kando yake kabisa, na kwa kila mmoja pima kwa hatua umeviringika kiasi gani baada ya kutua.

Nilipolifanya mimi, ule wa ayonoma ulidunda, ukadunda tena, ukaendelea na safari hatua tisa. Wa yurethani ulidunda mara moja, mdundo wa pili ukashika breki kwa sauti ndogo ya kukwaruza, ukaviringika hatua tano ukasimama. Mkono uleule, fimbo ileile. Fikiria sasa mtu anayeanza raundi na ule wa ayonoma, anaupoteza shimo la tano, anaendelea na wa yurethani. Hatua nne hizo ndizo zinazotenganisha pigo moja la kumalizia na mapigo mawili.

Tahadhari: jaribio hili halisemi kwamba unaosimama haraka ndio bora. Nina rafiki anayepiga mapigo yake mafupi kwa aironi namba nane, fimbo ya chuma ya mapigo ya kati, chini chini, mpira unatua ukingoni na kuviringika hadi shimoni kama ametumia fimbo ya kusukumia. Kwake mpira unaoshika breki ni kero. Tazama ni aina ipi mipira yake mitano ilimalizia karibu karibu. Umbali unaotabirika utajifunza kuutumia. Umbali unaobadilika badilika hakuna mazoezi yatakayouponya.

Rudi nyuma sasa hadi mita 50, upige nusu swingi. Hapa ndipo ganda linapojionyesha zaidi kuliko mahali pengine popote, maana pigo halina nguvu ya kuufikisha mzunguko juu kwa kasi pekee, linategemea mshiko. Ukiona mipira ya ayonoma inaruka juu zaidi na kutua bila kushika, ndivyo ilivyo: imeteleza usoni mwa weji, ikapanda.

Hatua ya nne: aironi, kisha dreva

Chukua aironi namba saba. Uliza swali moja: mpira ukitua kwenye griini, unabaki? Mpira unasimama kwa sababu mbili, mzunguko wake na ukali wa pembe unayoshuka nayo. Mwenye swingi ya kasi mpira wake unashuka kama unadondoka kutoka dirishani, kwa hiyo hata mzunguko ukipungua unabaki. Mwenye swingi ya polepole mpira wake unashuka kwa mlalo. Mpe na mpira wa mzunguko mdogo, umemnyima vyote viwili: anapiga pigo safi kabisa, mpira unatua mbele ya shimo na kuishia nyuma ya griini kwenye nyasi ndefu. Hii ndiyo sababu nasema ule ushauri wa laini kwa wa polepole una shimo katikati. Mtu huyu mara nyingi anahitaji mpira unaopaa na kushika. Akitaka ulaini, atafute mpira laini wenye ganda la yurethani, upo.

Dreva sasa. Mpira unaopinda sana kulia au kushoto unapinda kwa sababu mhimili wa mzunguko wake umeinama. Mzunguko ukipungua, mpindo nao unapungua, na mipira ya vipande viwili husaidia kidogo hapo. Kidogo. Mpira unaoishia mita 40 ndani ya miti hautarudi kwenye feawei, njia ya nyasi fupi ya katikati, kwa sababu ya ganda, na kuacha mshiko wa mapigo mafupi kumi kwa ajili ya mapigo mawili ya dreva yaliyopinda ni biashara ya hasara.

Kama mpira wako unapaa mno hadi unaonekana kusimama hewani, jaribu aina za kuruka chini na mzunguko mdogo, kwa mfano Titleist AVX. Kama unakwenda chini na kuanguka mapema, aina za kupaa kama Pro V1x zitakufaa zaidi. Mita tano unazoziona kati ya aina mbili kwenye dreva usiziamini mpaka uzione siku tatu tofauti.

Hatua ya tano: masikio yako yanakudanganya kidogo

Ulaini wa mpira hupimwa kwa namba ya kompresheni. Supersoft na Duo Soft ziko karibu na 40, Pro V1 iko kwenye 80 na ushei, Pro V1x inakaribia 100. Namba hiyo inakwambia mpira unavyobonyea, haikwambii utakavyoshika kwenye griini. Watu wanavichanganya: wanabonyeza mpira kiganjani, wanasema "huu laini huu", wanadhani utasimama.

Na kile tunachokiita hisia ya mpira, sehemu kubwa ni sauti. Niliwahi kuziba masikio kwa pamba nikasukuma mipira ya aina mbili niliyoapa kwamba naitofautisha hata usingizini. Nikashindwa kuitofautisha. Nilipotoa pamba, mmoja ukasikika tena "tak" na mwingine "tup", na hisia zangu zikarudi pamoja nazo.

Haina maana kwamba sauti haina thamani. Kwenye kusukuma, sauti inakusaidia kupima nguvu. Mwenye fimbo ya kusukumia yenye uso mgumu wa chuma huenda akapenda mpira laini, na mwenye uso wenye kipande laini cha plastiki akapenda mgumu zaidi ili asikie kitu. Iache hatua hii iamue pale tu mipira miwili ilipofungana kwenye hatua zilizotangulia.

Hatua ya sita: ipeleke uwanjani

Mipira miwili iliyobaki icheze raundi tatu za kawaida, zisiwe za mashindano, ukibadilisha kila baada ya mashimo matatu. Kwenye kadi andika kitu kimoja cha ziada: umetumia mapigo mangapi ukishaingia ndani ya mita 100. Mwisho jumlisha. Ukikuta zimelingana, nunua wenye bei nafuu bila aibu.

Hapo kuna swali la mfuko. Kama unapoteza mipira minne au mitano kila raundi, mpira wa daraja la juu haukusaidii. Mpira ulio chini ya maji hauna mzunguko. Chukua yurethani ya bei ya kati, au hata ayonoma, mradi iwe aina hiyohiyo raundi yote. Mtu anayecheza na mpira wa kawaida mmoja msimu mzima atamshinda yuleyule anayecheza na mipira mitano ya kifahari kwa zamu.

Ukishachagua, nunua dazeni moja au mbili na usiguse nyingine mpaka msimu uishe. Kanuni za kawaida zinakuruhusu kuanza kila shimo na mpira wa aina nyingine, lakini baadhi ya mashindano huweka kanuni ya mpira wa aina moja kwa raundi nzima, kwa hiyo soma tangazo kabla ya kuanza. Hakikisha pia aina yako imo kwenye orodha ya mipira iliyokubaliwa. Kupiga mpira usiokubalika kwenye mashindano ni kuondolewa.

Mambo madogo yanayoharibu kazi yote hiyo

Mpira uliokwaruzwa na njia ya saruji unaruka vibaya. Katikati ya shimo unaruhusiwa kuubadilisha kwa kuharibika ikiwa tu umekatwa au umepasuka. Mikwaruzo na rangi iliyobanduka havitoshi, itabidi umalize nao shimo lile. Kabla ya kuuinua kuukagua, weka alama mahali ulipo, la sivyo ni pigo moja la adhabu.

Mipira iliyoopolewa majini ina bahati nasibu yake. Iliyosafishwa tu na kupangwa kwa madaraja inaweza kuwa mizuri. Iliyopakwa rangi upya iepuke: rangi hujaza vishimo, na jina lililochapwa juu yake si lazima liwe la mpira uliomo.

Baridi huufanya mpira udunde kidogo na kupunguza umbali, hivyo usiuache usiku kucha ndani ya gari. Uweke ndani ya nyumba. Kuupasha moto kwa makusudi ili uende mbali ni marufuku kikanuni, kama ilivyo kuupaka kitu chochote.

Kabla ya tii ya kwanza, chora alama yako kwa kalamu isiyofutika: nukta mbili juu ya namba, mstari, herufi, chochote. Ukishakuwa na aina moja tu mfukoni, utagundua kwamba wenzako nao wanayo hiyohiyo, na mipira miwili isiyo na alama ikilala kwenye nyasi ndefu ikiachana hatua mbili, hakuna atakayeweza kuapa upi ni wake.